Namna ya kumupatia mwenzako riwaya mpya na aisome kweli

Mbele ya yote muulize kitabu gani alisoma mwisho na alikiachia wapi, juu kuna batu banapenda histoire yenye kutembea mbio na kuna benye banafurahia namna maneno yanapangwa. Kisha usimuelezee kitabu chote, jambo moja linatosha! La Danse du Vilain ya Fiston Mwanza Mujila (2020) mimi nasema tu: Lubumbashi yetu hii, batoto ba barabarani, almasi za Angola, basi. Mwenye kupenda historia mupe Dans le ventre du Congo ya Blaise Ndala (2021), ile ya Bakongomani benye balionyeshwaka ku maonyesho ya dunia ya Brussels 1958. Kama uandishi ni mugumu mwambie mapema. Na umukopeshe chako, vitabu ni bei, ila andika jina ndani, huku kurudisha ni shida.