Kutafuta mtu wa kumtolea uboho mgonjwa wa leukemia (saratani ya damu)

Kama daktari wa hospitali ya KCMC Moshi au popote pale kasema mgonjwa wenu atahitaji kupandikizwa uboho, msikimbilie kurusha picha yake kwenye magrupu ya WhatsApp. Anzeni na ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kila mmoja ana chansi 1 kati ya 4 ya kumechi kabisa. Kinachoangaliwa ni HLA, yaani alama za kurithi kwenye seli za mwili, sio grupu la damu, kwa hiyo shemeji mwenye O anayejitolea kwa moyo wote mshukuruni tu. Wazazi na watoto wanamechi nusu, na siku hizi nusu nayo inatumika, muulizeni daktari.

Asipopatikana wa kumechi kwenye familia ndo rejista, yaani orodha ya watu waliojitolea kutoa uboho, na hapa ndo pagumu, maana huko Marekani NMDP, wenye rejista ya huko, wanasema mzungu ana kama asilimia 79 ya kupata wa kumechi kabisa, mweusi 29, kwa sababu jeni zetu zinatofautiana sana halafu tuliojiandikisha wachache. Sasa wale ndugu wa ughaibuni mnaowaona Moshi Krismasi tu, wapigieni wajiandikishe huko huko, hasa wa miaka 18 mpaka 40, ni kusugua kijiti cha pamba ndani ya shavu basi. Wajue tu wanaweza kuitwa kwa mgonjwa mwingine kabisa.

Bibi atauliza, "si watamtoboa uti wa mgongo?" Hapana bibi, mara nyingi anayetoa anachomwa sindano siku kadhaa halafu damu inachujwa kupitia mkononi, au wanavuta kwenye mfupa wa nyonga akiwa kalala kwa dawa.