Kupima sukari nyumbani: anza na mikono

Mimi ni muuguzi. Ninapomfundisha mtu kutumia glukomita (mashine ndogo ya kupima sukari kwenye damu), sabuni hutangulia mashine. Mama mmoja alinionyesha 16.8 huku macho yamemjaa hofu. Alikuwa ametoka kumenya chungwa. Akanawa, akajikausha, tukatoboa kidole kingine: 7.4. Tone la damu ni dogo mno, kwa hiyo utamu uliobaki kwenye ngozi unatosha kuipotosha mashine.

Hatua ya 1. Nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha jikaushe kabisa, maana maji yaliyobaki huzimua damu. Ukipaka spiriti, iache ikauke.

Hatua ya 2. Toa stripu moja (kipande chembamba kinachopokea damu), ufunge kopo papo hapo, unyevu huziharibu. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Chomeka stripu kwenye mashine mpaka alama ya tone itokee.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huchukia kupima, kwa sababu wanachoma katikati ya ncha ya kidole, penye maumivu zaidi. Choma pembeni. Kwanza ning'iniza mkono kidogo ili damu ishuke, na kila siku badilisha kidole. Damu ikisita, isukume taratibu kutoka shina la kidole. Ukikamua kwa nguvu, majimaji ya mwili huchanganyika na damu. Sindano iwe mpya, na usiazimane hata na mwenzi wako: homa ya ini aina ya B huambukizwa hivyo.

Hatua ya 4. Gusisha ukingo wa stripu kwenye tone, inyonye yenyewe.

Hatua ya 5. Andika namba, saa, na kama ulikuwa umekula. 9 ya baada ya mlo si sawa na 9 ya alfajiri. Watu wazima wengi wenye kisukari, wasio wajawazito, hulenga 4.4 hadi 7.2 mmol/L kabla ya kula, na chini ya 10 saa moja au mbili tangu waanze kula. Mashine ikisoma kwa mg/dL, kipimo kingine cha sukari, gawanya kwa 18 upate mmol/L. Daktari wako anaweza kukupangia lengo tofauti, fuata lake.

Sukari ikiwa chini ya 3.9, usingoje: kunywa gramu 15 za sukari, kama nusu glasi ya juisi tamu, upime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Sindano iliyotumika itie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto.