Tikiti maji: bomba la dawa lisiingie shambani asubuhi

Kila msimu wa tikiti ni yale yale. Saa tatu asubuhi mkulima ana bomba mgongoni, anapiga dawa ya inzi wa matunda juu ya maua yaliyofunguka. Baadaye vitunda vinageuka manjano na kudondoka, vinavyobaki vinapinda, naye anakimbilia duka la pembejeo kutafuta mbolea. Mbolea ya nini? Umeua nyuki.

Ua jike, lile lenye kitunda chenye vinyweleo chini yake, hufunguka siku moja tu. Linafunguka jua likishachomoza, alasiri linasinyaa, basi. Ndani ya saa hizo nyuki watue mara nyingi, si mara moja, ndipo tunda lijae pande zote. Chavua ya tikiti, ule unga wa ua dume unaorutubisha ua jike, inanata; upepo hauibebi, nyuki ndiye huibeba.

Sasa mjue adui. Inzi wa matunda ni mdogo kuliko nyuki, wa kahawia na manjano, mabawa yake mawili. Nyuki ana manne, na utamkuta amezama ndani ya ua, miguu ya nyuma imejaa chavua. Inzi jike hana shida na ua lililofunguka: hutua kwenye tunda changa, huchoma ganda na kutaga, na pale alipochoma hutoka utomvu. Funza wakianguliwa wako ndani ya nyama ya tunda, dawa haiwafikii. Wazazi wao muda mwingi wamejificha kwenye mahindi na vichaka vya pembeni. Dawa yako ya saa tatu imempata nani?

Ikibidi kupiga, anza saa kumi na moja jioni, maua yamefunga na nyuki wamerudi mzingani. Nimesema kumi na moja, si saa nane kwa sababu una safari. Matunda yaliyochomwa yaokote kila baada ya siku mbili au tatu, uyafukie shimo la sentimita 50 kwenda chini. Kuyatupa mpakani ni kufuga inzi. Mizinga miwili au mitatu kwa hekta inatosha, iletwe maua yakianza.

Vitunda vikinenepa bila kudondoka, mambo yako sawa.

Na soma lebo kabla ya kulipa. Ziko dawa ambazo sumu yake hukaa siku kadhaa. Hizo hata ukipiga jioni zitaua nyuki wa kesho. Wakati wa maua usizinunue kabisa.