Jinsi ya kusoma historia, dini na sanaa advansi kwa kuanzia Kalenga

Kamwene wadogo zangu, hasa mlioko fom faivu na siksi huku nyanda za juu, Iringa, Njombe, Mbeya, mnaosoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na wale wenye diviniti, islamiki au sanaa. Jumamosi huwa nakaa na vijana wachache hapa Iringa tunapiga msuli wa historia, na kila mwaka naona kitu kilekile, mtoto anazo kichwani hoja sita za sababu za wakoloni kuja Afrika, kazimeza kutoka kwenye desa, zile notsi za kukariri, mpaka koma na nukta, afu ukimuuliza pale Kalenga palitokea nini na yeye anapapita kila shule ikifunga, anakaa kimya. Akili anazo, ila kaanza kusoma kwa mbali akaruka cha karibu.

Mimi nawaambia hivi: acha topiki kwanza, chukua KITU. Kitu kimoja unachoweza kwenda kusimama mbele yake. Afu kiulize maswali matatu, nani alikitengeneza au kukigombania na lini (hiyo historia), watu wanaamini nini juu yake (hiyo dini), na kimewekwaje mbele ya macho yako, kwa umbo gani na kwa nini hivo (hiyo sanaa). Ukiyauliza yote matatu kwa kitu kimoja utaona masomo uliyokuwa unayatenganisha kwa madaftari yanarudi kuwa kitu kimoja.

Tuchukue fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lipo makumbusho ya Kalenga, kama kilomita 15 tu kutoka Iringa mjini. Ukifika simu weka mfukoni, kaa mbele ya kile kioo dakika ishirini na daftari, andika unachokiona tu, bado usiandike unachokijua. Liko ndani ya kioo, tundu la risasi liko wapi, fuvu limezungukwa na nini, limewekwa juu au usawa wa macho yako, na kwa nini unajikuta unaongea kwa sauti ya chini. Hiyo ya sauti ya chini iandike pia, ni jibu la dini hilo.

Ukirudi nyumbani fuata miaka. Agosti 1891 Wahehe wanaliteketeza jeshi la Wajerumani pale Lugalo na kamanda wao Zelewski anauawa. Oktoba 1894 Wajerumani wanarudi na mizinga wanaivunja ngome ya Kalenga. Julai 1898 Mkwawa anajipiga risasi ili asikamatwe, na kichwa chake kinakatwa. Hapo wengi wanafunga daftari, na hapo ndo utamu unaanza.

Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga vita ya kwanza ya dunia, ule mnaoukariri kama chanzo cha vita ya pili ya dunia, utafute usome kifungu cha 246. Kinaitaka Ujerumani ndani ya miezi sita irudishe vitu viwili, fuvu la Sultani Mkwawa, na Qur'ani ya Khalifa Uthman iliyochukuliwa Madina. Kifungu kinachofuata, 247, kinataka Ubelgiji ipewe vitabu na miswada badala ya ile iliyoungua maktaba ya Louvain ilipochomwa 1914, na irudishiwe mbao zilizochorwa na ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, za altare ya kanisa la Mtakatifu Bavo mjini Ghent, kazi iliyokamilika 1432. Ona sasa, babu yetu wa Uhehe, kitabu kitakatifu cha Waislamu na mchoro wa kanisani, vyote kwenye vifungu viwili vinavyofuatana. Mara ya kwanza nilipokisoma nilisimama kabisa nikaanza kutembea chumbani.

Sa hapo ndo unajifunza kupambanua, kitu ambacho desa haliwezi kukupa. Hivi vitu havikufika Ujerumani kwa njia moja. Fuvu lilichukuliwa vitani, zile mbao zilifika Berlin kwa kununuliwa karne ya 19, na Qur'ani mkataba wenyewe unadai mamlaka za Kituruki ndo ziliitoa Madina ikapelekwa kwa mfalme wa Ujerumani. Je, kurudisha ni haki ileile kwa vyote? Na mbona mbao zilirudi mapema, fuvu likaja 1954? Mbona ni 1954, wakati jirani zetu Kenya Mau Mau imepamba moto, ndo Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, analileta kwa Wahehe? Na yeye alilichagua kati ya mafuvu mengi ya makumbusho huko Bremen, Ujerumani, kwa kupima vipimo na kutafuta tundu la risasi, kwaiyo uhakika wake ni wa kiasi gani? Maswali manne hayo, kila moja ni esei nzima.

Ukimaliza hapo shuka Tosamaganga, ni jirani tu. Misheni ya Kikatoliki pale ilianzishwa na watawa Wabenediktini wa Kijerumani, ila waliokuja kuishika kuanzia 1919 ni wamisionari Wakonsolata kutoka Italia. Jiulize kwa nini Waitaliano, jibu unalo tayari, ni vita ileile ya kwanza ya dunia. Afu simama nje uangalie ukuta, matao na mnara, uone watu wanajenga kwa kukumbuka kwao.

Wa Mbeya nanyi msilalamike. Nenda Rungwe, Wamoravian, kanisa la Kiprotestanti, wapo pale tangu 1891, na ukiwafuata nyuma unapita mji wa Herrnhut kule Ujerumani unaenda mpaka kwa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto 1415, miaka mia na mbili kabla ya Luther kuanza hoja zake 1517. Mtu wa Tukuyu anayeimba kwaya jumapili ameushika uzi wa miaka mia sita.

Kwenye swali la imani usiishie vitabuni. Muulize bibi, mwamkie vizuri, usianze na daftari mkononi. Mwache aongee kuhusu mazishi, tambiko, kwa nini mtu kuzikwa bila kichwa ni jambo zito. Na kama dini yako ni nyingine usimsahihishe, kazi yako pale ni kuelewa anachoamini yeye.

Mtihani ni kwa Kiingereza, najua, na wengi wanaangukia hapo. Usianze kuandika kwa Kiingereza. Msimulie mdogo wako hoja yako kwa Kiswahili jikoni, akikuuliza "kwa iyo?" ukashindwa kujibu ujue hoja bado. Akielewa, andika sentensi moja ya Kiingereza yenye jibu lako kabla ya utangulizi, afu kila aya ipe kitu kimoja chenye jina na mwaka. Kijana mmoja ninayekaa naye mwaka huu kaanza esei yake ya Versailles na lile tundu, na aya ya pili tayari yuko Ghent.