Kabati la droo la magurudumu: jinsi ya kulichagua na kuliunganisha likae sawa

Kabati dogo la droo tatu lenye magurudumu manne linaifaa sana nyumba ya kupanga. Linaingia chini ya meza, linasogezwa siku ya kudeki, na siku ya kuhama linapanda kwenye bajaji bila kufunguliwa. Dukani huja kwenye boksi bapa likiwa vipande, na bisibisi moja na nyundo vinatosha kulisimamisha. Kazi nyingi huharibika mahali pamoja: bodi, yaani kabati lenyewe bila droo, linapigiliwa mgongo kabla ya kuhakikisha kwamba pembe zake ni mraba. Droo inayokwama mara nyingi haina kosa lolote. Bodi ndilo limepinda.

Kabla ya kutoa hela

Anza na futi kamba. Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75, lakini ukitoa unene wa ubao wa juu na ule ubao wa kushikilia miguu, nafasi ya chini hubaki sentimita 62 hadi 65. Muulize muuzaji kama kimo kilichoandikwa kwenye boksi kinahesabu magurudumu. Gurudumu la milimita 50 pamoja na bamba lake huongeza karibu sentimita 7, na hizo 7 ndizo zinazolizuia kabati kuingia chini ya meza. Pima pia nafasi ya mbele: kabati lenye kina cha sentimita 45 linahitaji sentimita nyingine 35 hivi droo ikivutwa, na juu ya hapo sehemu ya wewe kusimama.

Halafu tazama mbao. Makabati mengi ya aina hii ni ya chipibodi iliyovikwa melamini, yaani ngozi nyembamba ya plastiki ngumu. Unene wa milimita 15 au 16 unafaa. Ukikuta 12, kuwa tayari kuona ubao wa chini ukibonyea magurudumu yakianza kubeba mzigo. Kagua kingo zote, hata zile zitakazotazama ukutani, uone kama zimefungwa kwa ukanda. Chipibodi yenye ukingo wazi hunywa maji, huvimba, na ikishavimba hairudi. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina unyevu, jambo hili lina uzito kuliko rangi. Kama kabati litakaa bafuni au karibu na sinki, achana na chipibodi. Chukua la plastiki.

Reli, yaani njia ambazo droo huteleza juu yake, ziwe za chuma. Reli ya kawaida ya kigurudumu cha plastiki, jozi moja, hubeba kilo 25 hivi, na zinatosha kwa nguo, madaftari au vyombo vidogo. Kuna makabati ya bei ya chini ambayo droo yake huteleza juu ya ubao au kwenye mfereji tu. Hayo yanafaa karatasi na soksi, si zaidi.

Magurudumu yawe manne, mawili yenye breki. Kwenye sakafu ya vigae chukua ya mpira laini, kwa sababu plastiki ngumu hupiga kelele na huweza kuacha mikwaruzo. Kwenye zulia ni kinyume chake: gurudumu gumu huteleza vizuri zaidi. Kipenyo kikiwa chini ya milimita 40, kabati litanasa kwenye kila kiungo cha kigae.

Ukinunua dukani, Kariakoo au Gikomba, omba boksi lifunguliwe mbele yako. Angalia kona nne za kila ubao, kwani boksi likiangushwa kona ndizo zinazomeguka, na ukanda wa plasta hauwezi kurudisha nguvu ya kona iliyomeguka. Hesabu skrubu kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Ukiagiza mtandaoni kwa malipo ya mzigo ukifika, fanya ukaguzi huo kabla dereva hajaondoka. Na kama unataka kabati la kukaa nalo miaka mingi bila kulifungua, mafundi wa Keko, Dar es Salaam, watakutengenezea la vipimo hivyohivyo kwa mbao halisi. La boksi lina faida yake: linafunguka.

Kupanga vipande

Tandaza boksi lenyewe sakafuni, ufanyie kazi juu yake; sakafu tupu hukwaruza melamini. Kabati la droo tatu kwa kawaida lina mbao mbili za ubavuni, moja ya juu, moja ya chini na mgongo wa hadibodi wa milimita 3. Kila droo ina uso, mbavu mbili, ubao wa nyuma na kitako. Reli ni vipande 12: sita vya bodi, sita vya droo. Magurudumu manne huja na skrubu nne kila moja, jumla 16. Weka kila aina ya skrubu kwenye kifuniko chake, na zipime urefu. Skrubu ya milimita 16 iliyowekwa mahali pa skrubu ya 12 kwenye ubao wa milimita 15 inaweza kutokeza upande wa pili.

Acha drili kabatini kwake. Chipibodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na mashine huzidisha mzunguko mmoja tu, tundu likageuka unga. Tumia bisibisi ya nyota ya mkono, yenye ncha inayojaa kwenye kichwa cha skrubu.

Reli kwanza

Funga reli za bodi wakati mbao za ubavuni bado zimelala. Ukingoja bodi lisimame utakuwa unakaza skrubu ukiwa umeingiza mkono gizani. Geuza reli utafute herufi zilizogongwa kwenye chuma: CL ni ya bodi kushoto, CR bodi kulia, DL droo kushoto, DR droo kulia, kushoto na kulia kukihesabiwa ukiwa umesimama mbele ya kabati. Kama herufi hazipo, angalia kigurudumu. Reli ya bodi ina kigurudumu mbele. Reli ya droo ina kigurudumu nyuma. Anayekosea hapa hugundua mwishoni kabisa, droo inapokataa kuingia.

Mashimo yaliyotobolewa kiwandani yafuate kama yalivyo. Reli moja ikipanda shimo moja juu ya mwenzake wa upande wa pili, droo itakaa kimshazari na uso wake hautalingana na wa jirani. Ziweke mbao mbili za ubavuni sambamba, kingo za mbele zikitazamana, ulinganishe reli kwa reli kabla ya kuendelea.

Pini na vikufuli

Pini na vikufuli ndivyo vinavyoshikanisha mbao za bodi, na hapa ndipo wengi wanapovunja kitu. Pini ya chuma inaingia kwenye uso wa ubao kwa bisibisi mpaka bega lake liguse ubao, basi. Ukizidisha inakata tundu. Ikibaki nje kidogo, kikufuli hakitaifikia.

Kikufuli ni kipande cha chuma cha mviringo, kipenyo chake milimita 15, chenye msalaba wa bisibisi juu na uwazi ubavuni. Kichwa cha pini kinaingia kwenye uwazi huo. Kabla ya kukutanisha mbao, zungusha kila kikufuli mpaka mshale uliochorwa usoni uelekee kwenye ukingo wa ubao, yaani upande pini itakapotokea. Mshale ukielekea kwingine, pini inagonga ukuta wa kikufuli, mbao zinabaki na mwanya, na mtu hulaumu kiwanda kwamba tundu limekosewa. Pini ikishazama, zungusha nusu duara kufuata mshale wa saa. Utahisi kinakaza, hapo simama. Kinachozunguka duara zima bila kukaza hakijashika pini: kirudishe, sukuma ubao, ujaribu tena.

Vijiti vya mbao vya milimita 8 kwa 30 huingia sehemu ndefu kwenye ukingo wa ubao mmoja na sehemu fupi kwenye uso wa ubao mwingine. Kazi yake ni kuzuia mbao zisiteleze, na vikufuli ndivyo vinavyovuta. Kwenye droo tia gundi nyeupe ya mbao kwenye vijiti, maana droo hupigwa na kuvutwa kila siku. Kwenye bodi usitie kama unatarajia kulifungua siku moja.

Mraba kabla ya misumari

Bodi likishashikana, lilaze kifudifudi, mgongo juu. Pima kona kwa kona, kisha kona zile nyingine mbili. Bodi la sentimita 60 kwa 40 litatoa sentimita 72.1 pande zote mbili. Ukipata 72.5 na 71.7, limependelea upande mmoja. Sukuma kwa mkono zile kona zenye kipimo kirefu, taratibu, upime upya. Tofauti ya milimita 2 inavumilika. Zaidi ya hapo utailipia kwenye droo.

Sasa weka hadibodi na upigilie, msumari mmoja kila kona kwanza, halafu upime tena, ndipo umalizie kwa nafasi ya sentimita 10 hivi. Shika msumari wima kabisa. Unaolala kidogo hutoboa ubavu na kutokeza ndani, mahali hasa droo inapopita. Hadibodi ni nyembamba lakini ndiyo inayolizuia bodi lisiyumbe, kwa hiyo usikubali kuiacha eti nyuma hakuonekani.

Magurudumu

Ligeuze bodi juu chini. Yale mawili yenye breki yakae mbele ili mguu uyafikie. Paka skrubu mshumaa kidogo, zitaingia bila kuchana ubao. Zianzishe zote nne za bamba moja kwa vidole, kisha zikaze kwa kupishana kona. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, bamba linahama na skrubu ya nne haipati tundu lake.

Droo

Kitako huteleza kwenye mfereji, upande laini ukiwa juu. Kabla ya kufunga ubao wa nyuma, hakikisha kimeingia hadi mwisho kwenye mfereji wa uso. Kikibaki nje milimita mbili tu, droo haitafungika vizuri na kitako kitadondoka siku ikibeba mzigo. Pima kona kwa kona hapa pia, kisha funga reli DL na DR kwenye ukingo wa chini.

Kuingiza droo, inua mbele yake juu, vigurudumu vya nyuma vipite nyuma ya vile vya bodi, ishushe, sukuma. Usilazimishe. Ikikaza njia nzima, nafasi ya pembeni haitoshi: reli hizi zinahitaji milimita 12.5 kila upande, hivyo bodi lenye upana wa ndani wa sentimita 37 linataka droo ya sentimita 34.5. Ikikaza mwishoni tu, bodi limebana nyuma. Legeza mgongo, nyoosha, pigilia upya. Ikijifungua yenyewe, sakafu ina mteremko au reli moja imeshuka kuliko mwenzake.

Kupakia na kutunza

Vizito vikae droo ya chini. Kabati la magurudumu halifungwi ukutani, na droo mbili za juu zikivutwa pamoja zikiwa zimejaa linaweza kuinamia mbele. Penye mtoto mdogo breki ziwe zimekanyagwa muda wote, na juu yake pasiwekwe televisheni wala jagi la umeme.

Baada ya wiki mbili za matumizi kaza tena skrubu za magurudumu na vikufuli. Tundu likiwa limelegea, jaza njiti za meno zilizochovywa gundi ya mbao, zikate usawa wa ubao, acha zikauke siku nzima, ndipo urudishe skrubu ileile.

Siku ya kuhama toa droo zote na uziandike namba nyuma kwa penseli, maana kila moja imeshazoea reli zake. Bodi libebwe kwa kushika ubao wa chini. Likiburutwa kwa kuvutwa juu kwenye changarawe au ngazi, magurudumu hupinda pembeni na kung'oa skrubu pamoja na kipande cha chipibodi, na hapo njiti hazisaidii: sogeza bamba sentimita tatu kando na utoboe matundu mapya ya milimita 2.