Ukimwita jukwaani, sema alichofanya: jinsi tunavyotuza wanafunzi wa sekondari

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa katibu wa kamati ya kutuza wanafunzi. Nilipewa kazi hii kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, basi.

Mwaka wangu wa tatu nilimwita msichana mmoja jukwaani: "Nidhamu bora!" Makofi yakapigwa, akapokea sahani mbili na cheti. Baada ya sherehe mama yake akanifuata penye hema, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mwalimu, kwani alifanya nini?" Sikuwa na jibu. Jina lake lilikuwa limependekezwa kikaoni, watu wakaitikia kwa kichwa, tukapita. Mama alitaka kitu cha kwenda kusimulia nyumbani, nami nilikuwa nimempa sahani.

Kwa hivyo anza na daftari kabla hujawaza zawadi. Nunua lile kubwa la jalada gumu, uliweke kwenye meza ya chai ya walimu tangu wiki ya kwanza ya mwaka. Anayeona jambo aandike tarehe, jina, kidato, na kitendo. Usiwaachie walimu peke yao. Mpishi anajua nani hubaki kuosha masufuria bila kutumwa, na mtunza maabara anajua nani hurudisha vifaa vikiwa safi. Mwandishi wetu hodari kuliko wote ni bawabu. Mwaka juzi aliandika hivi: "Kijana wa kidato cha tatu, yule mrefu wa Nessuit. Mvua siku nne. Siku zote nne amefika kabla ya saa moja, viatu mkononi." Darasani kijana huyo alikuwa wa 31 kati ya 48. Hakuna mwalimu aliyewahi kumtaja.

Kwa masomo, usiishie kwa watatu wa kwanza. Hao hata bila sherehe wanajijua. Tuza waliopanda, ila piga hesabu ya haki. Aliyetoka wastani wa 28 hadi 41 amepanda alama 13. Aliyetoka 78 hadi 82 amepanda 4 tu. Lakini wa kwanza alikuwa na nafasi ya alama 72 juu yake, wa pili 22. Gawanya: 13 kwa 72, na 4 kwa 22. Wote wanaangukia asilimia 18 hivi. Ndiyo maana mwaka mmoja wawili kama hao walisimama jukwaani pamoja, wa mkia na wa kichwani, na ukumbi ulicheka kwanza kabla ya kuelewa.

Zamani ilikuwa rahisi kulinganisha matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na alama za KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, alizokuja nazo mtoto. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na watahiniwa wake watamaliza 2027. Hawa wa Gredi ya 10 walioingia 2026, wa mtaala mpya, wana mikondo mitatu ya masomo, mmojawapo Sanaa na Michezo. Mwalimu ambaye bado anaita drama "kupoteza muda" ajiandae.

Nje ya darasa kosa letu lilikuwa kungoja kombe. Kwaya inayoangushwa katika ngazi ya kaunti ndogo imefanya mazoezi miezi mitatu sawasawa na iliyofika taifa. Iite jukwaani, useme ukweli: walifika wapi, waliimba nini, nani alipokea sauti ya kwanza siku mwenzake alipougua. Usiongeze chumvi, watoto wanajua. Na kipa wa akiba aliyebeba mipira msimu mzima pia ana sentensi yake.

Majirani zetu wa Keriko, kule kijiji cha Pwani, wanajulikana kwa sababu Mwalimu Peter Tabichi alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, dola milioni 1. Wengi wanakumbuka hizo dola. Mimi nakumbuka kwamba wanafunzi wa pale walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu. Hiyo ni sentensi unayoweza kuisoma jukwaani na bibi wa miaka themanini akaielewa.

Sentensi ya kila mtoto isizidi maneno ishirini, na iandikwe kwenye cheti chenyewe. Kabla ya siku, mwite kila mmoja akutamkie jina lake. Ng' ya ng'ombe si ng ya ngoma, na mzazi aliyepanda matatu mbili kuja kusikia jina la ukoo wake hakusamehi.

Zawadi: kikokotoo, seti ya jiometri, kamusi. Vile vikombe vya plastiki vya rangi ya dhahabu huvunjika mkono kabla ya kufika getini. Mashada ya kung'aa waachie wazazi, watayanunua tu.

Anzeni saa tatu u nusu, na zawadi zitangulie hotuba. Mzazi mwenye ng'ombe huondoka saa tisa kwenda kukama, awe mtoto wake ametajwa au la. Mgeni wa heshima mpe dakika kumi, atachukua ishirini.

Picha msizirushe mtandaoni ovyo. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa mtoto, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Sisi hutuma fomu pamoja na barua ya mwaliko.

Yule kijana wa Nessuit tulimtuza. Nilimwomba bawabu asome mwenyewe alichoandika. Alivua kofia, akasoma polepole, akafika "viatu mkononi" akanyamaza kidogo. Kijana alikuwa anaangalia miguu yake. Watu walipotawanyika, baba yake alikuja ofisini akaomba kuliona daftari. Nilimfungulia ukurasa. Aliufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, akauliza kama anaweza kutolewa kopi.