Somo: Kutengeneza njia ndefu ya kando ya mto na kuitunza isiliwe na maji

Njia ya kando ya mto hailiwi na miguu ya watu, inaliwa na maji. Mkilishika hilo mapema, mtaelewa kwa nini nasisitiza mambo fulani hapa chini na mengine nayapitia haraka. Nazungumzia njia ya makumi au mamia ya kilomita inayotumiwa na wote: waenda kwa miguu, baiskeli, viti vya magurudumu, na farasi pale walipo.

Hatua ya 1: Itembeeni kabla hamjaichora

Tembeeni eneo zima kwa miguu mara mbili, wakati wa kiangazi na wakati mvua zimekolea. Tazameni takataka zilizonasa kwenye matawi ya miti: nyasi kavu, vijiti, mifuko. Hapo ndipo mto ulipofika mara ya mwisho ulipofurika.

Kisha angalieni kona za mto. Upande wa nje wa kona maji huja kwa kasi na kuchimba ukingo. Upande wa ndani hupoa na kumwaga mchanga. Kwa hiyo upande wa nje rudisheni njia nyuma sana, hata kama mandhari ya pale ndiyo mazuri kuliko yote. Nimewahi kusimama juu ya ukingo uliojaa majani mabichi, unaonekana imara kabisa. Nilipovuka ng'ambo na kuutazama, chini palikuwa pameshachimbwa, umebaki kama kipenu, mizizi inaning'inia hewani.

Hatua ya 2: Ardhi na majirani

Orodhesheni kila kipande na mwenyewe. Ridhaa ya mdomo haitoshi, kwa sababu shamba likiuzwa au likirithiwa, mmiliki mpya hafungwi na mazungumzo yenu na yule wa zamani. Wekeni haki ya kupita kwenye maandishi yaliyosajiliwa, yakitaja upana, nani atatunza, na mifugo itavukia wapi kwenda kunywa maji. Hofu za wenye mashamba (wizi, mbwa, geti kuachwa wazi) ni za kweli. Wasikilizeni kabla mstari haujachorwa, si baada.

Penye reli iliyoachwa au njia ya zamani ya kukokotea mashua, itafuteni kwanza, maana miteremko yake ni ya taratibu na ardhi yake imeshashindiliwa. Kule Marekani, Katy Trail ya Missouri ni reli ya zamani, na sehemu yake kubwa inafuata mto Missouri. Njia ya mfereji wa Chesapeake na Ohio (C&O), kilomita 297 hivi kando ya mto Potomac, ilikuwa ya nyumbu waliovuta mashua. Mwaka 1954 William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliitembea yote kupinga mpango wa kuijengea barabara ya magari, na mwaka 1971 ikawa hifadhi ya taifa.

Hatua ya 3: Vipimo

Upana wa mita 3 unatosha watu kupishana. Penye msongamano fanyeni 4. Mwinuko usizidi mita 5 kwa kila mita 100, la sivyo mwenye kiti cha magurudumu mmemfungia nje. Matawi yakatwe hadi mita 3 juu kama farasi watapita.

Hatua ya 4: Maji yavuke, yasitembee na njia

Hapa msifanye haraka. Maji yakipata nafasi ya kufuata njia, hata mfereji mwembamba wa tairi la baiskeli unageuka korongo ndani ya msimu mmoja. Inamisheni njia kuelekea mtoni, sentimita 2 kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke kwa upana na yatoke. Kwenye mteremko mrefu wekeni mabonde mepesi ya kuyatoa kando kabla hayajapata nguvu.

Kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya njia) nyembamba ni adui. Tawi moja linakwama mdomoni, majani yanajishikiza hapo, chupa ya plastiki inafunga kazi, na maji yanapanda juu ya njia. Mimi siweki yenye upana chini ya sentimita 45, na mdomo wa kutokea napanga mawe yasiyobebeka ili maji yasichimbe.

Penye kinamasi msijaze kifusi, mtakuwa mmejenga bwawa. Jengeni daraja la mbao la chini. Mbao zilale kukingama na mwendo, si kwa urefu, ili tairi lisizame kwenye nafasi. Na ziwe na mkwaruzo, maana ubao uliolowa unaangusha watu.

Hatua ya 5: Tabaka

Ondoeni udongo wa juu wenye mizizi. Wekeni msingi wa mawe sentimita 10 hadi 15, kisha sentimita 5 za kokoto iliyosagwa pamoja na vumbi lake, mshindilie ikiwa na unyevu. Ifinyeni mkononi: ikishikana bila kudondosha maji, iko tayari. Kokoto za mtoni hazifai juu. Ni za mviringo, hazishikani. Penye mafuriko ya mara kwa mara tumieni zege.

Hatua ya 6: Kufungua na kutunza

Fungueni vipande vinavyojitosheleza, kila kimoja na mwanzo na mwisho wa maana, na wekeni nguzo za namba kila nusu kilomita ili aliyeumia aweze kusema yuko wapi.

Fedha za matunzo zitengwe kabla ya utepe kukatwa. Kabla ya mvua, zibueni kalavati na mitaro. Mvua ikinyesha, mmoja wenu apite na jembe. Dakika kumi za kufungulia maji siku ile zinaokoa kazi ya wiki nzima. Baada ya mafuriko, fungeni mpaka kila daraja likaguliwe.

Na msifyeke ukingo. Kikundi nilichokuwemo kilikata matete yote ili watu waone mto. Mvua zilizofuata ukingo uliondoka, na njia ikaenda nao.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sehemu yetu ina tope, kila mwaka tunamwaga kifusi kinazama. Tunakosea wapi?*

Marahaba. Acheni kumwaga. Pandeni juu mtafute maji yanatoka wapi, mchimbe mtaro wa kuyakinga kabla hayajafika. Kisha tandikeni kitambaa cha kutenganisha udongo na mawe, ndipo mjaze.

*Baiskeli zinawatisha wazee. Tuweke matuta?*

Hapana, matuta yanamtesa mwenye kiti cha magurudumu. Fyekeni kona za njia ili watu waonane mapema, na kanuni iandikwe kila mwanzo wa njia: baiskeli impishe mwenda kwa miguu, wote wampishe farasi. Ukimkaribia farasi kwa nyuma, punguza mwendo uite kwa sauti ya kawaida, ajue ni binadamu.

*Magari yanaingia. Nguzo ngapi?*

Moja katikati, nafasi ya mita 1.5 kila upande, yenye rangi ya kung'aa usiku na kufuli la kuiondoa pale gari la wagonjwa linapokuja. Nguzo mbili zinawasukuma wote kwenye pengo la katikati, wanagongana.

*Mto umekula mita 40 za njia. Tujenge ukuta wa mawe?*

Ukuta mgumu mara nyingi unahamishia nguvu ya maji kwa jirani wa chini. Kwanza ombeni ardhi ya kurudisha njia nyuma. Kama haipatikani, mwiteni mhandisi wa mito na mpate kibali cha mamlaka ya maji. Wakati mnasubiri, zungushieni eneo hilo uzio, waelekezeni watu njia nyingine, na pandeni vetiva (nyasi zenye mizizi mirefu) sehemu ambazo bado hazijamomonyoka.